Mpelelezi Asiye na Cheo

Katika riwaya za upelelezi, fumbo la mauaji mara nyingi hufumbuliwa na mtu ambaye si polisi wala halipwi kwa kazi hiyo. Mhusika huyu alianza na Auguste Dupin wa Paris, aliyebuniwa na Mmarekani Edgar Allan Poe mwaka 1841. Katika hadithi hiyo ya kwanza polisi wanamkamata karani wa benki asiye na hatia. Dupin anasoma habari magazetini, anakwenda kutazama nyumba yenyewe, na mwishowe karani anaachiliwa.

Mvuto wa mpelelezi wa namna hii unatokana kwanza na usawa wake na msomaji. Hana pingu, maabara wala hati ya upekuzi. Anategemea macho, masikio na akili, ambavyo msomaji naye anavyo. Kusoma kunageuka mashindano, na mashindano yanahitaji sheria. Mwaka 1929 padri na mwandishi Mwingereza Ronald Knox alitunga kanuni kumi za riwaya hizi. Mojawapo inamkataza mpelelezi kuficha kidokezo chochote alichokigundua.

Jambo la pili ni kwamba hakuna anayemwogopa. Miss Marple wa Agatha Christie, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1927, ni bibi wa kijijini ambaye hakuwahi kuolewa. Watu hupiga soga mbele yake huku yeye akifuma sweta, wasijue kwamba anapima kila neno. Humlinganisha mshukiwa na mtu fulani wa kijiji chake aliyewahi kudanganya vivyo hivyo. Naye Father Brown wa G. K. Chesterton, padri mnyenyekevu, ameujua uovu kwa kusikiliza maungamo. Wote wawili wamebobea katika tabia za binadamu, elimu isiyohitaji cheti.

Kwa Kiswahili, nafasi hiyo aliishika Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar. Riwaya yake ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, inahusu mauaji yaliyotokea mahali panapohofiwa kwa sababu ya mizimu. Kiko cha Bwana Msa na sahibu yake Najum vinamkumbusha msomaji Sherlock Holmes na Watson, lakini mafumbo anayoyafumbua ni ya Unguja: nasaba, ndoa, urithi na imani za wenyeji. Anayajua kwa kuwa anaishi humo.

Udhaifu wa mhusika huyu ni kwamba hana mamlaka ya kumkamata mtu, wala sababu ya kukutana na maiti kila mara. Waandishi hulitatua hilo kwa kumpa rafiki mwenye wadhifa. Miss Marple ana Sir Henry Clithering, mkuu mstaafu wa Scotland Yard, na Dupin hutembelewa na mkuu wa polisi wa Paris.