Nani Anamfundisha Mwanagenzi?

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania hutawanyika kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, wengi wao kwa wiki nane. Kwenye karatasi hakuna kilichosahauliwa: ipo barua ya chuo, ipo posho kwa wenye mkopo, kipo kitabu cha kumbukumbu ambacho msimamizi anatakiwa kukitia sahihi, na yupo mhadhiri atakayepita siku moja kumwona mwanafunzi kazini. Anachokikuta mwanafunzi ni kingine. Nafasi anayo, meza hana. Aliyesomea uhasibu anapelekwa masjala kupanga mafaili, kwa sababu mfumo wa malipo unafunguliwa kwa nywila na hakuna aliye tayari kumpa yake. Aliyesomea uhandisi wa majengo anashinda saiti akihesabu mifuko ya saruji. Wiki ya mwisho kitabu kinatiwa sahihi zote kwa mkupuo, na chuo kinaandika kwamba mafunzo yamefanyika.

Ni rahisi kumlaumu msimamizi, nami sitaki kufanya hivyo. Ameajiriwa kuandaa mishahara au kusimamia ujenzi. Siku yake haikupunguzwa hata saa moja ili afundishe, mshahara wake haukuongezwa hata shilingi, na mkuu wake hatamuuliza kama kijana aliyekuja ameondoka akijua kitu. Mradi wa mafunzo kazini unaweza kuwa na fedha, ofisi, nembo na uzinduzi wenye waziri, ukakwama kwa huyu mtu mmoja ambaye bajeti haimtaji.

Kinachopotea hapo ni kikubwa. Darasani kijana anafundishwa jinsi pampu inavyofanya kazi. Kazini anajifunza kuisikia inapoanza kuharibika. Anajifunza kumtuliza mteja aliyekasirika, kukadiria gharama bila kujipunja, kukabidhi kazi siku aliyoahidi. Tena anapata mtu wa kumsemea. Mwajiri anayetangaza nafasi na kudai uzoefu wa miaka mitatu anatafuta mtu ambaye mwenzake ameshamwona akifanya kazi. Kijana asiye na mjomba ofisini hupata mdhamini wa namna hiyo kwa kufanya kazi, tena kazi yenyewe, mbele ya mtu anayeijua.

Serikali ya Tanzania ililiona hilo. Mwaka 2017 ilitoa miongozo ya kitaifa, mmoja wa uanagenzi na mwingine wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Ilikuwa hatua ya maana, maana kabla yake kila ofisi ilijiamulia. Lakini ukisikiliza taarifa zinazosomwa wakati wa bajeti, kinachohesabiwa ni vijana waliopelekwa. Waliowapokea, na muda walioutumia kuwafundisha, hawana safu yao katika jedwali.

Mtaani mafunzo hayakuwahi kusubiri mwongozo. Katika gereji za Buguruni au Gerezani, Dar es Salaam, spana boi, yaani kijana anayejifunza kwa fundi, huanza kwa kuosha vifaa na kushika tochi. Baadaye anaachiwa matairi, halafu breki, na siku moja fundi anaondoka kwenda kutafuta spea na kumwachia injini wazi. Kwenye ujenzi mwenzake ni saidia fundi, anayeanza kwa kuchanganya zege. Mfumo huu umeinua mafundi wengi mno nchini, nao unafanya kile ambacho ofisi zinashindwa: kijana anagusa kazi. Lakini una madhara yake, na si madogo. Wapo wanaobebeshwa kazi miaka mitano bila malipo ya maana. Wapo mafundi wanaoficha kipengele muhimu kwa kuogopa kwamba kijana atafungua gereji ng'ambo ya barabara. Wasichana ni wachache mno. Na siku ya kuomba kazi kampuni kubwa, spana boi wa miaka kumi hana karatasi ya kuonyesha.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imejibu suala la karatasi kwa mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa vitendo, anahojiwa, anaelekezwa pale palipopungua, kisha anapewa cheti. Kwangu huu ni mmoja wa mipango yenye busara zaidi tuliyo nayo, kwa kuwa unaanzia kwa mtu anayejua tayari. Kasoro ninayoiona ni kwamba unaishia hapo: unamthibitisha kuwa fundi, bila kumthibitisha na kumlipa kama mwalimu, ilhali ndiyo kazi anayoifanya kila siku.

Kenya ilijaribu kukaribia hapo. Mradi wake wa ajira kwa vijana, uliopitishwa mwaka 2016 kwa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, uliwalenga wenye umri wa miaka 18 hadi 29 ambao hawakuvuka kidato cha nne. Sehemu yao walikabidhiwa kwa mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi. Fundi wa jua kali aliingizwa katika mpango wa serikali kama mkufunzi mwenye malipo, badala ya kuonwa kama mtu anayeziba njia barabarani. Ugumu ulibaki kwenye muda wa mafunzo: miezi michache inamtosha mtu kushika kazi ya kinyozi au ushonaji wa mwanzo, lakini uchomeleaji mzuri au umeme wa magari unadai muda mrefu kuliko kalenda ya mradi.

Nchini humohumo kuna wanagenzi wenye tatizo la upande mwingine kabisa. Daktari aliyemaliza chuo anatakiwa kufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Huyu haachwi bila kazi. Usiku mwingi wodi iko mikononi mwake. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na moja ya sababu kubwa ilikuwa malipo ya wanagenzi: mkataba wa mwaka 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Desemba mwaka huohuo serikali ilikubali kufuata mkataba. Haki yao ya malipo siitilii shaka hata kidogo. Ila mgonjwa aliyelazwa usiku ana haki yake pia: daktari bingwa wa kumwelekeza kijana yule awepo, afike anapoitwa. Mwanagenzi anayeachiwa kazi yote hafundishwi, sawasawa na yule aliyeachwa masjala.

Mfano unaonipa moyo uko kwenye hoteli. Chuo cha Taifa cha Utalii, Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani na waajiri, kilianzisha uanagenzi wa miaka miwili ambamo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na hoteli. Jambo lililofanyika sawa ni kuwaandaa kwanza wafanyakazi wa hoteli wenyewe: mpishi na msimamizi wa vyumba walifundishwa namna ya kufundisha kabla hawajakabidhiwa mwanagenzi. Kijana anaingia jikoni akimjua wa kumuuliza, na huyo wa kuulizwa anajua kuwa kujibu ni sehemu ya kazi yake.

Fedha za kufanya hivyo mahali pengi zaidi si za kubuni. Waajiri wa Tanzania Bara wenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu mwaka 2023 ni asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ya tozo hiyo ndiyo iliyokwenda VETA, na waajiri wamelalamika kwamba wanalipia ujuzi wasiouona. Nadhani wana hoja. Mwajiri anayempunguzia mfanyakazi wake saa nne kwa wiki ili afundishe angestahili kurudishiwa thamani ya saa hizo kutoka kwenye tozo. Na fundi wa Buguruni mwenye cheti cha urasimishaji angestahili kulipwa kwa kila kijana aliyemfikisha kwenye upimaji wa VETA akafaulu, msichana au mvulana, fedha zikija baada ya matokeo kutoka.