Switi za Krismasi za Kakao na Nazi: Rangi Itoke Jikoni

Sikukuu ikikaribia, kila nyumba hutafuta kitu kitamu cha kuwapa watoto na wageni. Watoto nao hupenda rangi. Ndiyo maana switi nyingi, hata mabuyu yetu ya Pwani, hutiwa rangi nyekundu mpaka ulimi unabaki mwekundu. Je, mama anayepika mwenyewe anaweza kupata rangi hizo bila kununua pakiti ya rangi? Anaweza. Lakini kila rangi ya jikoni ina masharti yake, na ukiyajua hutapoteza sukari yako.

Kwa nini tujali?

Si kila rangi ya dukani ni sumu. Nyingi zinaruhusiwa kwa kiasi maalum. Hata hivyo, kuna sababu za kuwa waangalifu.

Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwapa watoto vinywaji vyenye michanganyiko ya rangi pamoja na dawa ya kuhifadhi chakula. Baadhi ya watoto walizidi kutotulia. Tangu 2010, vyakula vyenye rangi sita zilizotajwa huko (E102, E104, E110, E122, E124 na E129) lazima viwe na onyo katika nchi za Umoja wa Ulaya. Nayo Marekani, Januari 2025, iliondoa ruhusa ya kutia vyakulani rangi nyekundu E127, kwa kuwa ilileta saratani kwa panya dume wa maabara waliopewa nyingi. Watengenezaji walipewa muda wa kuiondoa.

Hatari kubwa zaidi ni rangi isiyo na jina. Mwaka 2024, jimbo la Tamil Nadu nchini India lilipiga marufuku switi za pamba baada ya kupatikana na rhodamini B, ambayo ni rangi ya nguo. Kwa hiyo, mama, rangi iliyofungwa kwenye kikaratasi bila jina wala namba usiitie katika chakula cha mtoto, hata kama ni bei rahisi.

Chokoleti na maji hazipatani

Wengi huyeyusha chokoleti, kisha hutia juisi ya bitiruti. Mara chokoleti inashikana na kuwa madonge magumu. Sababu ni kwamba chokoleti ni mafuta yenye chembe kavu za kakao na sukari. Tone la maji likiingia, chembe hizo hunata pamoja. Tena chokoleti ya kahawia haionyeshi rangi nyingine. Basi acha kakao ibaki kahawia, na rangi uitie kwenye nazi. Kakao iliyopikwa na sukari pia haiyeyuki upesi kwenye joto kama chokoleti ya dukani.

Unahitaji nini?

Kwa nazi: nazi 1 iliyokunwa, sukari kikombe 1, maji robo kikombe, iliki kidogo.

Kwa kakao: sukari vikombe 2, maziwa kikombe 1, unga wa kakao vijiko 7 vya mezani, siagi vijiko 3, chumvi kidogo sana. Ukitumia majarini, soma pakiti, maana nyingine zina rangi ndani.

Anza na nazi

1. Chemsha sukari na maji mpaka yawe mazito na kunata. Tia nazi na iliki, koroga mpaka ikaribie kukauka.

2. Ipua, gawanya katika bakuli 3, utie rangi nazi ikiwa bado moto:

Nyekundu: osha bitiruti, ikune na uikamue kwa kitambaa safi. Tia vijiko 2 vya chai na matone 2 ya ndimu. Ndimu huisaidia rangi hii isififie. Usiichemshe muda mrefu, itageuka kahawia.

Kijani: twanga majani ya spinachi yaliyooshwa vizuri, ukamue vijiko 2 vya chai. Hapa usitie ndimu, kwa sababu kijani hufifia na kuwa kama majani makavu.

Manjano: robo kijiko cha chai cha bizari ya manjano. Ikizidi italeta uchungu. Isikutane na magadi, itageuka nyekundu-kahawia, na isiachwe juani, itapauka.

Sasa kakao

3. Changanya sukari, kakao, chumvi na maziwa katika sufuria kubwa, kwa maana maziwa hufurika. Koroga mpaka ichemke, kisha punguza moto na usikoroge ovyo, sukari isije ikawa chengachenga.

4. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, endelea kupika. Likiweza kuviringwa kwa vidole likawa kidonge laini, ipua.

5. Tia siagi, uache ipoe mpaka sufuria iweze kuguswa. Kisha piga kwa mwiko bila kuchoka mpaka mng'ao upotee.

6. Mimina haraka kwenye sinia lililopakwa siagi. Tandaza nazi juu, kila rangi upande wake, ukandamize kwa mgongo wa kijiko. Ikipoa, kata vipande.

Kumbuka

Sukari inayochemka huunguza kuliko maji. Watoto wasikaribie jiko. Kazi yao ni kupanga vipande kwenye sahani.

Nazi mbichi huharibika upesi. Funika switi, weka mahali pa baridi, na zisikae zaidi ya siku 2 au 3. Pika kiasi cha kutosha sikukuu tu.

Kikundi kinachotaka kuuza kianze kwa kuuliza ofisi ya afya ya umma kuhusu vibali. Wateja wakiuliza rangi imetoka wapi, waambieni bila kuficha: bitiruti, spinachi, manjano.

Mwisho, tusidanganyane. Switi ya rangi ya bitiruti bado ni sukari, na meno hayajui tofauti. Kipande kimoja au viwili kwa mtoto vinatosha, kisha apige mswaki. Faida yetu ni kwamba kila kilichomo tunakijua kwa jina.