Koili Ndogo Katika Pedeli ya Wa-Wa

Hebu msomaji atamke irabu "u", kisha, bila kupandisha wala kushusha sauti, aifungue midomo yake polepole mpaka aifikie "a". Nyuzi za koo zitakuwa zimetetemeka kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilika ni umbo la kinywa tu, na kwa badiliko hilo baadhi ya mitetemo iliyomo ndani ya sauti imepazwa na mingine imefifishwa. Sikio la Mswahili, lililozoea tangu utotoni kutofautisha "ua" na "oa", hulitambua jambo hilo mara moja. Kuna chombo cha chuma, kinachotoshea chini ya wayo wa mpiga gitaa, ambacho hufanya kazi iyo hiyo kwa umeme. Jina lake ni sauti yake: wa-wa.

Chombo hiki kilipatikana bila kutafutwa. Mwaka 1966, katika kampuni ya Thomas Organ huko California, iliyokuwa ikitengeneza vikuza-sauti vya Vox kwa soko la Marekani, mhandisi kijana aitwaye Bradley Plunkett alikuwa na kazi ya kupunguza gharama: swichi ya bei kubwa iondolewe, na mahali pake pawekwe kinzani cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Kinzani kilipozungushwa huku gitaa likipigwa, gitaa likaanza kutamka irabu. Sakiti hiyo ikahamishiwa ndani ya pedeli ya kinanda cha umeme, na mwaka 1967 ikatolewa sokoni. Pedeli za kwanza zilibeba jina na picha ya Clyde McCoy, mpiga tarumbeta wa Marekani aliyekuwa maarufu kwa kuiliza tarumbeta yake kwa kuifunika na kuifunua mdomoni. Picha iliwekwa kwenye bamba la chini, ambako msikilizaji asingeweza kuiona kamwe. Baadaye picha iliondolewa ikabaki saini. Wapiga gitaa, Jimi Hendrix akiwa miongoni mwao, ndio walioipa pedeli umaarufu ambao tarumbeta haikuupata.

Ndani yake mna vitu vichache mno: betri ya volti 9, transista mbili, vinzani, kapasita, kinzani cha kuzungusha kinachosukumwa na mguu, na koili moja. Koili hiyo ni waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi juu ya kiini cha feraiti. Koili na kapasita zikiunganishwa huwa na mtetemo wao wa asili, kama bembea. Koili ya milihenri 500 pamoja na kapasita ya maikrofaradi 0.01 hupendelea mitetemo ipatayo 2,250 kwa sekunde. Transista nazo huifanya kapasita ionekane kubwa kuliko ilivyo, na ukubwa huo wa bandia hutegemea mahali mguu ulipo. Ikionekana kubwa mara 25, mtetemo unaopendelewa hushuka mara tano, ukafikia 450 hivi kwa sekunde. Mguu ukienda mbele na kurudi, kilele hicho hupanda na kushuka, nalo gitaa hufungua na kufumba kinywa.

Pedeli mpya ya aina hii, iliyo nzuri kabisa, hununuliwa kwa takriban dola 100 za Marekani. Ile yenye picha ya McCoy, ikiwa haijaguswa, huuzwa kwa wakusanyaji kwa zaidi ya dola 1,000, ingawa sakiti ni karibu ile ile. Sehemu ya tofauti hiyo ni uhaba na mapenzi ya vitu vya kale, mambo ambayo fizikia haina la kusema juu yake. Sehemu nyingine ni koili. Pedeli nyingi za mwanzo zilitengenezwa Italia, na koili zake hazikulingana kwa usahihi. Koili ikizidi kipimo kwa asilimia 20, kilele cha sauti hushuka kwa asilimia 9 hivi, yaani zaidi ya nusu-toni moja, na sikio huisikia tofauti hiyo bila shida. Aidha, mkondo mdogo wa betri unaopita katika waya hukitia kiini usumaku kidogo, na feraiti tofauti huupokea usumaku huo kwa namna tofauti. Wakusanyaji wanaamini kuwa hapo ndipo ulipo utamu wa pedeli za kale. Hata hivyo ni vyema ikumbukwe kwamba pedeli mbili za mwaka mmoja zaweza kutofautiana, na kwamba si kila kikongwe ni kitamu.

Jambo hili linaigusa Arusha. Mwaka 1970 ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga wakaja kuunda Arusha Jazz katika mji huu, kabla ya kuelekea Kenya mwaka uliofuata na kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Bendi za wakati huo zilitazama Nairobi, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza sahani za santuri, na barabara ya Namanga ndiyo iliyokuwa njia. Mpaka huo ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe tena hadi 1983, aliyekuwa na chombo cha umeme alilazimika kukitunza kwa alichonacho. Mafundi redio wa mji uliopata kuwa na kiwanda cha Philips cha kuunganisha redio hawakukosa ujuzi. Walichokosa ni vipuri. Transista ya redio ikaingia katika kikuza-sauti, kinzani cha kikuza-sauti kikaingia kwingine, na muziki ukaendelea. Ulikuwa ufundi wa kusifiwa.

Kwa mkusanyaji, lakini, ufundi uo huo ni hasara. Pedeli iliyotengenezwa vizuri kwa kipuri kigeni hulia kama kawaida, pengine kuliko kawaida, na huku imepoteza sehemu kubwa ya bei yake. Hapa fundi na mkusanyaji hawawezi kupatana, maana mmoja hukitazama chombo kama kazi na mwingine hukitazama kama hati. Mwenye kukipata katika stoo ya ukumbi au ya kwaya ndiye atakayeamua, na ni heri aamue akijua.

Ugonjwa wa kawaida wa pedeli hizi si koili. Koili hufa kwa nadra sana. Kinachochakaa ni kinzani cha kuzungusha, kwa kuwa ndicho kinachosuguliwa kila mguu unaposogea. Vumbi laini la volkano linalopeperuka chini ya Mlima Meru wakati wa kiangazi hupenya ndani na kukwaruza tabaka lake la kaboni, na kutoka hapo sauti hutoa mikwaruzo. Upande wa kusini wa mlima, wenye mvua na ukungu, unyevu hushika nyaya na viunganishi. Betri iliyosahauliwa huvuja na kula kila kilicho karibu nayo.

Kwa hiyo betri itolewe kwanza. Bamba la chini lifunguliwe, vumbi lipulizwe, kinzani kisafishwe kwa dawa ya viunganishi na kuzungushwa mara nyingi, kisha mita ioneshe kama umeme unapita katika koili. Ukipita, koili isiguswe na kichomeo. Ikiwa kinzani kimekwisha kabisa na pedeli inatakiwa jukwaani Jumamosi, kipya kiwekwe, na kile cha zamani kifungwe katika mfuko mdogo wa plastiki na kuhifadhiwa pamoja na pedeli.