Kabla hujaisugua sarafu ya bibi, itazame kwa lenzi

Nyumba nyingi za Moshi, kuanzia migombani huko juu hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, zina kopo la vitu vilivyosahaulika: vifungo, funguo zisizo na kitasa, na chini kabisa sarafu za zamani. Likizo ikifika, mtoto hulimwaga mkekani na kuanza kuuliza. Hii yenye tundu ilinunua nini? Hii ni ya Mjerumani?

Wazazi wengi hukosea hapo mara mbili. Kwanza huisugua sarafu kwa majivu, limau au dawa ya meno ili ing'ae. Kisha huipeleka kwa mtu wa kwanza anayesema ananunua. Kifaa kimoja kidogo, lenzi ya kukuzia, kinaweza kuiepusha familia na makosa yote mawili.

Kinachotafutwa ni kidogo sana

Neno "hela" lenyewe limetokana na heller, sarafu ndogo iliyoanza kutumika mwaka 1904 chini ya utawala wa Wajerumani. Heller 100 zilifanya rupia moja. Mwaka 1921 ilikuja shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, na mwaka 1966 zikatoka sarafu za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania, zenye sura ya Mwalimu Nyerere.

Sarafu mbili zinazofanana kwa jicho tupu zinaweza kuwa tofauti kabisa. Katika sarafu za Afrika Mashariki, herufi ndogo hueleza zilikopigwa: H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham, Uingereza, I ni Bombay, India, na SA ni Pretoria, Afrika Kusini. Baadhi ya senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyeacha kiti mwaka huohuo kabla ya kutawazwa. Hazina bei ya kutisha, kwa sababu zilipigwa nyingi, lakini mtoto akilisoma jina hilo kwenye senti ya bibi yake, somo la historia linaanzia nyumbani.

Heller 20 za mwaka 1916, zilizopigwa Tabora wakati wa vita, hutofautishwa kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L mbili za neno HELLER. Bila lenzi, tofauti hiyo haionekani vizuri.

Mara 10 inatosha

Wanunuzi wengi hudhani kwamba lenzi ikikuza zaidi ndiyo bora. Sivyo. Kadiri inavyokuza, ndivyo eneo linaloonekana linavyopungua, mwanga unavyofifia na mkono unavyolazimika kutulia. Lenzi inayokuza mara 30 humwonyesha mtoto kona ya herufi moja, naye huchoka haraka.

Kwa kuangalia sarafu nzima, ilivyochakaa na ilivyokwaruzika, mara 3 hadi 5 inafaa. Kwa herufi ndogo na dalili za kughushi, mara 10 inatosha. Ikibidi kununua moja tu, chukua ya mara 10, ile ndogo ya kukunja inayofanana na ya fundi saa au sonara. Kwa mtoto mdogo, lenzi ya mkono yenye mpini, kama ile ya somo la sayansi shuleni, ni rahisi zaidi kushika.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kasha. Lenzi ya kweli ya mara 10 huonyesha vizuri ikiwa karibu sentimita 2.5 kutoka kwenye kitu. Ya mara 5 huonyesha kwa takribani sentimita 5. Ikiwa imeandikwa mara 30 lakini inaonyesha vizuri kwa sentimita 4 au 5, namba hiyo si ya kweli.

Nenda dukani na rula. Tazama mistari yake kupitia lenzi. Ikipinda karibu na ukingo, au ikizungukwa na rangi kama za upinde wa mvua, iache. Lenzi nzuri huwa na vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja ili kuondoa kasoro hizo. Bei yake ni kubwa kuliko ya plastiki, lakini hudumu miaka mingi ikitunzwa isikwaruzwe.

Namna ya kutazama

Tandika kitambaa laini mezani. Shika sarafu kwa ukingo, si kwa nyuso zake. Weka lenzi karibu na jicho, kisha leta sarafu taratibu mpaka ionekane vizuri. Mwanga utoke upande mmoja, kama wa dirishani asubuhi, ili mikwaruzo na herufi vitoe kivuli.

Ukiona mistari mingi myembamba inayoelekea upande mmoja, sarafu hiyo iliwahi kusuguliwa. Mkusanyaji huiona mara moja na kushusha bei. Ndiyo maana sarafu chafu ni afadhali ibaki chafu.

Vitundu vidogo kama vya mapovu, herufi zilizolegea, au mstari wa kiungo kuzunguka ukingo ni dalili za sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa chapa. Hilo ni muhimu kwa anayeonyeshwa dhahabu ya rupia 15 ya Tabora ya mwaka 1916, yenye tembo mbele ya milima ambayo wakusanyaji wengi huitaja kuwa Kilimanjaro. Zilipigwa takribani 16,000 tu, na nakala bandia ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 7.2, kwa hiyo lenzi isaidiwe na mizani ya sonara. Anayekataa sarafu yake itazamwe au ipimwe amekwisha kutoa jibu.

Tahadhari kwa wenye watoto

Lenzi zenye taa mara nyingi hutumia betri bapa ndogo kama kifungo. Mtoto akiimeza ikanasa kooni, inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu. Chagua yenye mfuniko wa betri uliofungwa kwa skrubu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, mwahishe hospitali papo hapo, usimtapishe. Sarafu nazo ziwekwe mbali na watoto wachanga.

Usiache lenzi juani. Huweza kukusanya miale na kuwasha nyasi kavu, pazia au karatasi. Mtoto asitazame jua kwa lenzi hata mara moja.

Sarafu nyingi za kwenye kopo hazitalipa ada ya shule, na ni vizuri watoto walijue hilo mapema. Wape daftari waandike mwaka, herufi waliyoiona, na nani aliyeihifadhi. Bibi akiwa bado yupo, aulizwe sasa senti ile ya tundu ilinunua nini, na jibu liandikwe pembeni. Hilo lenzi haliwezi kulionyesha.