Kartimeri imekufa, orodha ya wachimbaji iko hai

Ordinatere ya kamati yetu hapa Nyabiondo ilizima siku grupu iliporusha umeme kupita kipimo. Tulibonyeza kifungo, kimya. Ndani yake mulikuwa orodha ya mituele: nani alitoa mchango, mwezi gani, na familia gani inangoja msaada kwa sababu baba aliangukiwa na udongo kisimani. Mama wawili wajane walikuwa wamekuja wiki ile kuuliza haki yao.

Fundi mmoja wa Goma alituambia kwa telefone: tupeni, mununue nyingine. Sisi wachimbaji tunaambiwaka hivyo kila siku, kwa mashini na kwa mengine. Lakini orodha haikai ndani ya kartimeri, ule ubao mkubwa unaoshika vyote. Inakaa ndani ya diski. Tulijaribu kisanduku kingine cha umeme, hakuna kitu. Kuangalia kartimeri, kondensatere tatu zilikuwa zimevimba kichwani. Basi ugonjwa ulikuwa pale, na mara nyingi prosesere, ile akili ya mashini, inabaki nzima. Njo tukaamua kuihamisha pamoja na ventilateri yake.

Kitu cha kwanza ni namba ya kiti cha prosesere. Yetu ni Core i3 ya kizazi cha pili, inakaa kwenye kiti 1155. Namba hiyo ni hesabu ya vijisindano vinavyogusa prosesere. Kartimeri ya 1150 au 1151 macho yanaona ni ileile, lakini haitakubali. Angalia pia memwari: yetu ni DDR3, ya DDR4 haingii. Kwa okazyo za Goma, usitoe franka kabla ya kumulika kile kiti kwa tochi ya telefone. Kijisindano kimoja kikipinda, umenunua takataka. Na kama kuna kifuniko chake cha plastiki, kidai.

Kwa kazi yenyewe, toa waya ya umeme, gusa chuma cha kasha, na usivae tirko ya nailoni, kwa sababu umeme wa nguo unaua vipande hivi bila wewe kusikia kitu. Chomoa waya ya ventilateri. Yetu inashikwa na vigingi vinne vya plastiki: zungusha kila kimoja kufuata mshale wake, kisha vuta juu. Mafuta mazito yaliyo katikati yakiwa yamekauka, usinyanyue kwa nguvu. Izungushe kidogo kushoto na kuume mpaka iachie. Wenye prosesere za AMD zenye miguu chini yake wajihazari zaidi: inaweza kung'oka na ventilateri huku kiti bado kimefungwa, miguu ikapinda. Kama mashini yako bado inawaka, iache ifanye kazi dakika chache, mafuta yalainike, ndipo uizime.

Prosesere ishike kwa pembeni tu. Ni ndogo, haifiki santimita 4 kila upande. Kwenye kona yake kuna pembetatu ndogo ya rangi ya dhahabu, na pembeni mikato miwili. Vikilingana na vya kiti, inashuka yenyewe. Ukiona unasukuma, simama. Lakini wenzo wa kufunga unataka nguvu kidogo na unalia. Hiyo ni kawaida.

Hapo kati tulikumbuka mambo yetu. Ile metali inayounganisha vipande juu ya kartimeri ni bati, na bati inatoka katika kasiterite kama ile inayochimbwa Walikale. Vile vipande vidogo vya manjano vyenye mstari, ukivikuta ndani ya ordinatere, mara nyingi ni vya tantale, ya koltani. Zilizovimba zetu zilikuwa za aluminiumu, si za kwetu.

Mafuta ya zamani tuliyapangusa kwa kitambaa cha pamba na alkoli ya farmasi, tukangoja ikauke. Mapya tuliweka kiasi cha punje ya mchele, katikati. Kazi yake ni kujaza nafasi ndogo ambamo hewa ingezuia joto kupita. Kuna wanaopaka dawa ya meno. Inakauka upesi, acheni. Vumbi ndani ya ventilateri lilikuwa jingi, tulilitoa kwa burashi ya rangi. Vigingi virudishe kinyume cha mshale, kisha bonyeza kimoja na kile cha kona ya mbele yake, mpaka vilie. Geuza kartimeri uone kama vyote vinne vimetokea chini, kabla ya kuifunga ndani ya kasha. Waya ya ventilateri inaingia palipoandikwa CPU_FAN.

Tuliwasha, tukaingia BIOS kuangalia joto. Likipanda upesi mpaka digrii 80 na zaidi, ventilateri haijakaa. Letu lilibaki chini ya 45. Windows iliomba kuandikishwa upya, kwa sababu iliona kartimeri ngeni. Orodha ikafunguka.

Tunasisitiza juu ya orodha hii kwa sababu moja. Tangu kode ya migodi ya 2018, mchimbaji anatakiwa kuwa ndani ya koperative, lakini kikija kifo au deni, mara nyingi daftari pekee linaloonekana ni la negosian. Tunataka na letu liweko. Sasa liko pia juu ya kle moja inayokaa kwa mweka hazina, na nakala ya karatasi.

Mama wale wawili walipewa fungu lao siku ya Jumatatu, mbele ya kamati, wakatia saini. Tumenunua regilatere ya grupu. Kartimeri ya zamani bado iko juu ya kabati: betri yake ndogo ya CR2032 inafanya kazi, mwenye kuihitaji aje kuichukua.