Jina la Mtunzi: Mchango wa Wanawake katika Hip Hop kwa Kuzingatia Wimbo wa Wasichana wa Kipsigis

1.0 Utangulizi

Sanaa ya hip hop, ambayo kwa Kiswahili imepata kuitwa muziki wa kufokafoka, imekwisha kupata nafasi yake katika mijadala ya fasihi simulizi ya Afrika Mashariki. Wapo wataalamu wanaoihesabu kuwa tawi jipya la ushairi wa majibizano, na wapo wanaoiona kuwa mgeni aliyevaa mavazi ya wenyeji. Pande zote mbili, hata hivyo, aghalabu huizungumzia kana kwamba ni sanaa ya wanaume. Wanawake hutajwa karibu na mwisho, katika aya moja, kama watu waliofika baada ya karamu kuandaliwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wanawake walikuwa miongoni mwa walioandaa karamu yenyewe, na kwamba kutoonekana kwao kumesababishwa kwa sehemu kubwa na namna kazi za sanaa zinavyoorodheshwa. Mfano wa msingi unatoka katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, Kenya, ambako mwaka 1950 wasichana wa Kipsigis waliimba wimbo uliokuja kusikika duniani kote, ilhali wengi wao hawakuandikwa majina. Wimbo huo si hip hop, wala haudaiwi hapa kuwa mzazi wa hip hop. Unaletwa kwa sababu unadhihirisha mambo mawili yanayohusu sanaa hiyo: mbinu ya kuichukua santuri ya mtu mwingine na kuigeuza kuwa kauli yako, na hatari ya mtunzi wa kike kupotea ndani ya neno "wasichana".

2.0 Wimbo wa Kapkatet

Mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyekusanya muziki wa Kiafrika katika nchi nyingi, alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo za Wakipsigis. Wakati huo Bomet ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kericho, na vilima vya Boito, ambavyo leo vimo katika Konoin, Kaunti ya Bomet, vilikuwa nchi moja kiutawala na Kapkatet. Katika nchi hiyo santuri za gramafoni zilikuwa zimekwisha kufika, na miongoni mwake zilikuwamo za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1933, aliyesifika kwa mtindo wa kuirusha sauti juu na kuishusha ghafla.

Wakipsigis walimpa mwimbaji huyo jina la Chemirocha. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Mbili za mwanzo zimeorodheshwa kwa majina ya waimbaji wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyopata umaarufu mkubwa kuliko zote, imeandikwa kwa jina la Chemutoi Ketienya, na pamoja naye "wasichana wa Kipsigis". Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, waimbaji walimchukulia Chemirocha kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu swala, nao wakamwalika aje acheze ngoma yao ya kurukaruka hadi mavazi yamvuke.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wasichana hao hawakuuimba wimbo wa Rodgers. Walimwimba Rodgers mwenyewe. Sauti iliyowafikia kutoka katika kijisanduku cha mgeni waliitendea kama malighafi. Waliipa mwili, wakaupa mwili huo kwato, kisha wakautia katika ngoma yao kwa masharti yao. Huo ni utunzi kamili, wenye kejeli na ubunifu, na haustahili kuitwa uigaji.

3.0 Muundo wa jina "Chemirocha"

Kwa mwanaisimu, jina lenyewe ni ushahidi wa utunzi. Kipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi "j" na "ch" kuwa fonimu mbili. Hivyo "Jimmie" hupokewa kuwa "Chemi", na "Rodgers" huwa "rocha", sauti ya mwisho ikiachwa. Hadi hapo ni utohozi wa kawaida.

Lakini umbo lililopatikana limekutana na mofolojia ya majina ya watu. Katika Kikalenjin, kiambishi Kip- au Ki- kwa kawaida huashiria jina la kiume, na Chep- au Che- jina la kike: Kipkoech na Chepkoech, Kibet na Chebet. Kanuni hii ina vighairi vyake, kwani Cheruiyot, kwa mfano, ni jina la mwanamume. Hata hivyo, msikilizaji wa Kipsigis anaposikia "Chemirocha" anasikia jina linaloweza kukaa katika orodha ya majina ya nyumbani, na hata kuegemea upande wa kike. Mgeni kutoka Mississippi alipokewa kwa sarufi ya wenyeji kabla ya kupokewa kwa ngoma yao.

4.0 Wanawake katika chimbuko la hip hop

Masimulizi ya kawaida ya chimbuko la hip hop huanzia tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo nambari 1520, Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, New York. Katika dansa ya usiku huo Clive Campbell, ajulikanaye kama DJ Kool Herc, alipiga santuri kwa namna ya kurefusha kile kipande ambacho ngoma hubaki peke yake. Jina lake limo katika kila historia ya sanaa hii. Ni mara chache inapoelezwa kwa uzito unaostahili kwamba dansa ile iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell, aliyetaka kupata fedha za kununulia nguo za shule. Yeye ndiye aliyekodi ukumbi na kupanga kiingilio: senti 25 kwa wanawake na senti 50 kwa wanaume. Katika istilahi ya fasihi simulizi, Herc alikuwa fanani. Cindy ndiye aliyeikusanya hadhira, na bila hadhira hakuna utendaji.

Miaka sita baadaye, mwaka 1979, Sylvia Robinson wa kampuni ya Sugar Hill Records alitoa santuri ya "Rapper's Delight" ya kundi la Sugarhill Gang, iliyoupeleka muziki wa kufokafoka nje ya mitaa ya New York. Mwaka 1984 Roxanne Shanté, msichana wa miaka 14, alitoa "Roxanne's Revenge", akilijibu kundi la wanaume lililokuwa limemwimba msichana mwenye maringo aitwaye Roxanne. Jibu hilo lilizusha majibu mengine mengi. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ataitambua mara moja desturi hiyo: ni malumbano, ambapo shairi huzaa shairi na anayenyamaza huhesabiwa kuwa ameshindwa. Tofauti ni kwamba hapa aliyekuwa ametungiwa alisimama na kuwa mtunzi. Queen Latifah na MC Lyte, waliovuma mwishoni mwa miaka ya 1980, waliingia katika uwanja ambao tayari ulikuwa umefyekwa na wanawake wenzao.

5.0 Wanawake na hip hop ya Afrika Mashariki

Hip hop ilipoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, haikukuta ardhi tupu. Mwana Kupona binti Msham alikwisha kumtungia bintiye utendi katika karne ya 19. Siti binti Saad wa Unguja alikwisha kusafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Mwanamke mwenye kauli hadharani hakuwa jambo geni, ingawa kila kizazi kilimtaka athibitishe upya haki yake ya kusema.

Nchini Kenya, Nazizi Hirji alijitokeza akiwa kijana mdogo, na pamoja na wenzake wa kundi la Necessary Noize akawa miongoni mwa sauti zilizoujenga muziki wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, akichanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Nchini Tanzania, katika kipindi hicho hicho, Zay B na Sista P walifoka kwa Kiswahili mbele ya hadhira iliyozoea kuwasikia wanaume. Witness Mwaijaga naye alijulikana kupitia kundi la Wakilisha, lililoundwa mwaka 2004 pamoja na Langa na Shaa.

Mchango wa wasanii hawa katika lugha unastahili kuchunguzwa kama unavyochunguzwa ule wa washairi wa vitabuni. Mifano miwili yatosha. Mwaka 2011 Stella Mwangi, msanii wa kufokafoka mwenye asili ya Kenya, aliiwakilisha Norway katika mashindano ya nyimbo ya Eurovision mjini Düsseldorf kwa wimbo uitwao "Haba Haba". Jina hilo ni ufupisho wa methali, "Haba na haba hujaza kibaba", na katika wimbo hekima hiyo inanasibishwa na bibi. Hivyo methali ilifika katika jukwaa la Ulaya ikiwa pamoja na mnyororo wake wa upokezanaji: kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu wa kike.

Mfano wa pili ni "Utawezana", wimbo wa Femi One akishirikiana na Mejja, uliotolewa mwaka 2020. Katika Kiswahili sanifu, kauli ya kutendana hutarajia watendao wawili au zaidi, au angalau kiunganishi "na" chenye kumtaja mwenzi. Hapa kiambishi -an- kimewekwa juu ya nafsi ya pili umoja, wala hapana mwenzi anayetajwa, maana inakuwa "je, utamudu?". Kinachodaiwa kuwa kosa kinaweza kuelezwa kwa utaratibu: changamoto yenyewe ndiyo mwenzi wa pili aliyefichwa. Neno hilo lilienea Kenya nzima, nalo lilichukuliwa na sauti ya mwanamke anayempima mshindani wake.

Nafasi ya Cindy Campbell nayo ina mfano wake. Muthoni Ndonga, aitwaye Muthoni the Drummer Queen, ni mwimbaji na msanii wa kufokafoka, lakini pia ndiye mwanzilishi wa tamasha la Blankets and Wine lililoanza Nairobi mwaka 2008. Yeye naye huikusanya hadhira, na kwa bahati njema jina lake limeandikwa.

6.0 Vina na fursa ya lugha za nyumbani

Huulizwa kama sanaa ya kufokafoka yaweza kustawi katika lugha kama Kipsigis, au ni lazima msichana wa Boito ahamie Sheng na Kiingereza ili asikike. Swali hili lina upande wa kiisimu. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na hilo hurahisisha vina. Shairi la kimapokeo huongeza sharti la mizani, aghalabu 16 kwa mshororo. Mfokaji ameliacha sharti la mizani na kufuata mapigo ya mdundo: silabi zaweza kuongezeka au kupungua, mradi kina kianguke panapotakiwa.

Kipsigis kina njia nyingine. Nomino nyingi katika umbo lake la kawaida huishia kwa "-t" katika umoja na "-k" katika wingi, kama lakwet, yaani mtoto, na lagok, watoto. Kwa hiyo mtunzi hupewa na sarufi yenyewe miisho inayojirudia, yenye konsonanti nzito inayofaa kugonga pamoja na ngoma. Kipsigis pia ni lugha ya toni, na mtunzi hana budi kupatanisha toni ya neno na mwendo wa kauli. Hilo ni ugumu, lakini ni ugumu uzaao sanaa. Lugha hiyo haina upungufu wa nyenzo za kufokea.

7.0 Hitimisho

Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, iliyoanzishwa na Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi katika miaka ya 2010 kuzirudisha nakala za rekodi za zamani kwa Wakipsigis. Ni jambo la kusifiwa. Lakini wimbo hurudi pamoja na orodha yake, na orodha isiyokuwa na majina haiwezi kuyarudisha.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni huzipa jamii haki juu ya urithi wao. Hata hivyo, haki ya jamii haipaswi kuwa shimo la kumzikia mtunzi. Mwanafunzi anayetumwa na idara yake kwenda kukusanya tungo Boito, ziwe za ngoma au za kufokafoka zilizorekodiwa kwa simu ya mkononi, hana budi kuandika mambo matano: nani alianzisha, nani aliitikia, nani alitunga maneno, nani aliwaita watu wakakusanyika, na ni kwa idhini ya nani utungo huo utatumiwa. Kila swali lijibiwe kwa jina la mtu, isipokuwa pale ambapo mwenyewe amependa jina lake lisitajwe.

Mwaka 1950 wasichana kadhaa walisimama Kapkatet wakaimba pamoja na Chemutoi Ketienya. Jina la mgeni walilolibuni limehifadhiwa. Majina ya wasichana wenyewe hayamo katika orodha, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika.