Kozi ya Hiari Haina Ada, Ina Nauli

Mwaka 2011 nusu ya mtaa wetu hapa Lemara, Arusha, ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Kilichowamaliza watu ni safari: kama kilomita 400 kutoka Arusha mjini, vumbi, foleni ya kulala njiani, na chapati moja iliyouzwa kwa bei ya tatu. Jirani yangu aliuza mbuzi wawili ili akanywe kitu cha shilingi 500.

Nilimkumbuka jirani huyo majuzi, mpwa wangu alipotandaza fomu yake mezani kwangu. Anasoma shahada ya famasi, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na likizo huwa anarudi Lemara kwa mama yake. Fomu ilikuwa na kozi sita za hiari. Achague moja, ataje na ya akiba. Kila kozi ina masomo ya darasani kisha fildi ya wiki nne, na fildi anaruhusiwa kuifanyia nyumbani akipata mahali pa kupokelewa.

"Hazina ada ya ziada, Mjomba," alisema. "Zote bei moja."

Hapo ndipo kikombe kiliponijia. Ada ya mwaka ni ile ile uchague nini, hilo ni kweli. Lakini mzazi au mlezi anayeishia hapo ni sawa na jirani yangu aliyeuliza bei ya kikombe akasahau kuuliza bei ya gari.

Bei ya kwanza ni saa. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 120. Kozi ya krediti 10, kwa hiyo, ni saa 100, ukijumlisha darasa, maabara na kujisomea. Kwa mwanafunzi mwenye sapu mbili za kemia ya dawa shingoni, saa 100 ni mali. Ndiyo maana wengi hukimbilia ile wanayoiita kozi mteremko, wapate alama ya juu na usingizi.

Bei ya pili ni nauli, na hii tuliikokotoa pamoja kwa kikokotoo cha simu. Tulitumia nauli elekezi za LATRA zilizoanza Desemba 2023: daladala ya mjini shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na basi la kawaida la mikoani shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Fildi ya wiki nne tukaifanya siku 20 za kazi.

Akienda Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, kifodi kimoja, yaani daladala ya kwetu, kutoka Lemara kinamfikisha mjini, kipande kilichobaki ni mguu. Kwenda na kurudi 1,200, kwa siku 20 inakuwa 24,000. Akienda Moshi na kurudi kila siku, kama kilomita 80 kwenda, basi peke yake ni 3,878. Ongeza kifodi cha 600, zidisha mara mbili, unapata 8,956 kwa siku. Kwa fildi nzima 179,120, bila kuhesabu usafiri wa ndani ya Moshi. Bumu la chakula na malazi, tangu lilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka wa masomo 2022/23, ni shilingi 10,000 kwa siku. Anayepima maisha yake kwa bumu atabakiwa na elfu moja na kidogo, na hajala. Bora apange chumba Moshi.

Fildi mbili, ada moja, tofauti ya nauli zaidi ya laki moja na nusu.

Lakini bei inayonishughulisha zaidi ni ya tatu, na haimo kwenye kikokotoo: kitu hicho hicho ukikitafuta baadaye, kitakugharimu nini? Kozi ya hiari ni tiketi moja. Kuitumia kwa kitu utakachopewa bure mwakani ni hasara, hata kama nauli yake ni ndogo.

Chukua famasi ya wodini, ile ya kuzunguka na madaktari na kukagua dozi za wagonjwa. Darasa zima la mpwa wangu linaipenda, na naelewa: koti jeupe, kifaa cha kupimia presha, picha nzuri ya kumtumia mama. Kwa nauli ni kati ya zilizo rahisi. Tatizo ni kwamba mhitimu wa shahada hii halipwi kama mfamasia kamili siku ya mahafali. Mbele yake kuna mwaka wa utarajali kabla Baraza la Famasi halijamsajili, na sehemu kubwa ya mwaka huo wengi huimalizia hospitalini. Wodi itamfuata tu, akitaka asitake. Ukipita wodi za hospitali zetu utawakuta pia wanafunzi kutoka Ulaya waliokuja wenyewe kufanya hicho hicho kama sehemu ya masomo yao ya hiari. Wao wamelipia ndege, nyumba ya kufikia na wakala. Kwao ni safari ya maisha. Kwa binti wa Lemara ni kifodi cha 600, na mwakani atarudi pale pale.

Ujasiriamali wa duka la dawa ndiyo mteremko wenyewe. Sina chuki nao. Lakini nilimpeleka mpwa wangu kwenye duka la dawa muhimu hapa mtaani, aina ya maduka yaliyoanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi. Dada anayeuza alimfungulia kauntabuku lake: upande mmoja mzigo ulioingia, katikati mauzo, upande wa tatu majina ya wadaiwa, mengine yamepigiwa mstari mwekundu. Chini ya jina la fundi mmoja ameandika "mpaka alipwe na tajiri". Kwa nusu saa tulijifunza mzunguko wa fedha, dawa zinazolala rafuni na namna ya kumnyima mkopo jirani bila kugombana. Elimu hii ipo, ni ya bei nafuu, na itaendelea kuwepo. Usiitolee tiketi yako ya chuo.

Viwanda ni ndoto ya wengi, na si ndoto mbaya. Mjini Moshi iko Shule ya Famasi ya Kilimanjaro, ambayo imewahi kushirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani katika mafunzo ya utengenezaji wa dawa. Kibaha kuna kiwanda cha Kairuki kinachotengeneza maji ya dripu. Kijana aliyekwishaamua kuishi Pwani au Dar es Salaam aichukue bila kusita, kwa sababu mashine ya kubana vidonge huwezi kujifunzia uani. Kwa anayerudi Arusha, hesabu ni ngumu: fildi yake itamtaka apange chumba mbali na nyumbani, wakati hosteli za chuo mara nyingi zimefungwa.

Dawa za asili ndiyo kozi iliyomfanya mpwa wangu acheke, maana anaikumbuka hadithi ya jirani yetu na mbuzi wake. Mti wa Babu ni mugariga, ambao wataalamu wa mimea wanauita Carissa spinarum. Arusha ni mahali pazuri pa kusomea mambo haya. Huku Arumeru, eneo la Ngongongare, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake, na tangu sheria ya mwaka 2002 tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Lakini famakognosia, somo la dawa zitokanazo na mimea, tayari ni kozi ya lazima kwa mwanafunzi wa famasi. Msingi ameshapewa. Anayetaka kuwa mtafiti aongeze. Anayependa tu hadithi ya mugariga aje kunisikiliza mimi barazani.

Ugavi wa dawa hauna picha nzuri ya kumtumia mama. Ni stoo, makaratasi na kompyuta: kufanya maoteo ya mahitaji, kupanga maboksi ili yanayowahi kuisha muda yatoke kwanza, kujua kwa nini zahanati ina vidonge vya minyoo vya miaka miwili huku haina sindano. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ina kanda yake Moshi inayohudumia hata Arusha, ila ujuzi huu unaweza kuushika kwenye stoo ya hospitali yoyote kubwa ya hapa mjini kwa nauli ile ile ya 1,200. Kila hospitali ina stoo. Wafamasia wengi huja kuwekwa stoo bila kuandaliwa, wakajifunza kwa kuharibu. Hii niliiweka nafasi ya pili, na mpwa wangu hakubisha.

Ya kwanza ilileta mjadala: dawa za mifugo.

"Mjomba, mimi si daktari wa ng'ombe."

Sikumjibu. Kesho yake tulikwenda mjini, karibu na Soko la Kilombero, kwenye duka la dawa za mifugo la mtu ninayefahamiana naye. Tulikaa kwenye benchi. Akaingia mzee wa Kimaasai, shuka nyekundu, fimbo kwapani. Kutoka kwenye mkunjo wa shuka akatoa chupa tupu, lebo imekwaruzika, akaiweka mezani.

"Nipe kama hii."

Kijana wa duka akaigeuza kwenye mwanga, akasoma. Oksitetrasaiklini, asilimia 20. "Ng'ombe au mbuzi, baba?"

"Ng'ombe."

Akafunga chupa mpya na bomba moja la sindano kwenye gazeti, akapokea hela. Basi. Haikuchukua dakika mbili.

Tulipotoka nje mpwa wangu alikuwa kimya, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Hakuuliza ng'ombe ana uzito gani. Hakuuliza anaumwa nini. Hakuuliza kama anakamuliwa. Hakumwambia siku za kusubiri kabla maziwa hayajanywewa. Hakumwambia amalize dozi.

Sikuongeza neno, ila kuhusu maziwa. Asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, hupita kwetu mama mwenye galoni la lita tano. Ng'ombe aliyechomwa jana anaweza kuwemo humo, na sisi tukachemsha chai. Chuoni wanafundishwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa kama jambo la mgonjwa aliyekatisha dozi. Hapa linaanzia kwenye chupa tupu na gazeti.

Sasa hesabu. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na mkoa wetu ni wa wafugaji. Maduka ya dawa za mifugo yamejaa, lakini mfamasia aliyesomea dozi za mnyama ni wa kutafuta kwa tochi. Akitaka ujuzi huo baada ya kuhitimu, njia iliyonyooka ni kuanza upya kwenye chuo cha mifugo, kama kile cha LITA kilichoko Tengeru, kwa ada mpya na miaka mipya. Wodi ataipata bure kwenye utarajali, kauntabuku atafundishwa na dada wa mtaani, stoo atapewa kazini. Kozi hii ya mifugo peke yake, akiikosa sasa, atakuja kuilipia.

Fildi yake nayo haiumizi. Duka lipo mjini, 1,200 kwa siku kama Mount Meru. Ongeza safari nne za mnadani Meserani, njia ya Dodoma, ambako haifiki kilomita 30 kutoka mjini: basi halizidi shilingi 1,454 kwenda. Hata ukizijumlisha zote na vifodi vya Lemara, wiki nne zinaishia karibu elfu 36. Ni ghali kuliko wodi kwa elfu 12 tu.

Kuna dosari moja nisiifiche. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inahifadhi kutibu mnyama kwa wataalamu wa mifugo, na kozi moja ya hiari haimfanyi mfamasia kuwa mmoja wao. Atakachopata ni kujua dawa yenyewe: dozi, hifadhi, mabaki kwenye nyama na maziwa, na lini amwambie mteja aende kwa daktari. Anayetarajia kurudi akiwa na bomba la sindano mkononi atavunjika moyo.

Kwa mzazi mwenye mtoto Muhimbili, ambako shahada hii ilianza kufundishwa mwaka 1974, au Mtakatifu Yohana Dodoma, au Bugando kule Mwanza: orodha ya mwanao haitafanana na hii, kila chuo kina yake. Maswali ni yale yale. Fildi ni wapi, ni siku ngapi, nani analipa nauli, na je, utarajali hautampa kitu hicho hicho? Muulize kabla hajasaini. Na umwombe atafute mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyeipitia kozi hiyo, amweleze siku zake zilivyokwenda, maana kwenye fomu kila kozi ina maelezo ya mistari mitatu tu na yote yanavutia.

Mpwa wangu amejaza dawa za mifugo, akiba ni ugavi. Fomu imekwenda Jumatatu. Nauli ya Meserani nimeahidi kulipa mimi.